Uso Uliopigiwa Kura

Ajenda ya nne ilikuwa uso wa bibi harusi.

Ukumbi ulipita bila ubishi. Chakula kiliwachelewesha, maana Mjomba Kobelo, mwenyekiti wa kamati, alitaka pilau, na upande wa bwana harusi wakashikilia wali wa nazi, mpaka ikaamuliwa vyote vipikwe na kila mtu ajichagulie. Sare za kinamama nusura zivunje kikao. Kwa hiyo walipofika kwenye uso watu walishachoka, wanaulizia soda. Mjomba Kobelo akaweka kimulika picha juu ya stuli katikati ya sebule ya dada yake, akamwita mpwa wake asimame mbele yake na asicheke.

Zawena akasimama. Akacheka.

"Bibi harusi, tafadhali," Mjomba akasema kwa sauti yake ya kikao. "Wajumbe wana njaa."

Kimulika kikawaka. Mwanga ukamfunika Zawena kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni, na juu ya mwanga ule ukatokea uso mwingine, ukipepesa macho anapopepesa na kugeuka anapogeuka. Nyuso zilikuwa na majina, kama mitindo ya kusuka. Mwaka ule zilizotamba Morogoro zilikuwa Lulu, Tausi, na ile vijana waliyoiita Sijali, yenye nyusi zilizopanda kana kwamba mwenye nazo hana shida na mtu. Mjomba akazipitisha moja moja. Wajumbe walinong'onezana, wakataka Lulu ionekane kwa ubavu, wakataka Tausi ijaribiwe na mtandio wa rangi ya sare.

Upande wa bwana harusi ulikuwa umemtuma shangazi yake, Bi Salha, mama mrefu mwenye sauti ya chini. Alisema kwa adabu kwamba wao hawamchagulii mtu. Ila tangu kumbi zianze kuweka skrini za ukuta mzima, hakuna bibi harusi wa ukoo wao aliyeingia mbichi, na picha hubaki, wajukuu watakuja kuziangalia. Mbichi ndilo neno lililotumika kwa mwanamke anayetembea na uso aliozaliwa nao.

Mikono ikanyooshwa. Tausi ikashinda.

"Na bibi harusi ameridhika?" Mjomba akauliza, maana utaratibu ulitaka aulizwe.

"Nimeridhika," Zawena akasema. Safari hii hakucheka.

Bi Mgeni, mama yake, akakumbusha kwamba fundi wanaye humo humo ndani, na wote wakageuka kumtazama binti yake mkubwa, Semeni, aliyekaa karibu na mlango na mtoto mapajani. Semeni alikuwa mlazaji tando, fundi wa kuwavalisha watu nyuso hizo, katika saluni kubwa ya mjini. Akatabasamu. Utando wake mwenyewe, Lulu aliyolazwa kabla ya harusi yake, ulilimaliza tabasamu kwa niaba yake, kama kawaida, ukalitandaza vizuri pande zote mbili.

Mtoto mapajani, Kidawa, alikuwa na miezi minane na alikuwa mpole. Kila mtu alimsifia hivyo. Halii akishikwa na wageni, hanyooshi mikono kutaka kubebwa, hachekicheki ovyo. "Huyu ni mtu mzima," Mjomba Kobelo alipenda kusema. "Anatusikiliza tu, siku moja atatutolea hukumu." Wanawake wa mtaa walimwambia Semeni amepata bahati, na yeye alikuwa ameanza kuamini.

Kikao kilipohamia kwa mshereheshaji, Zawena akaja kuchuchumaa mbele ya mtoto. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na kabla ya kuanza hadithi yoyote alikuwa na tabia ya kukunja pua, akiikunja mpaka macho yanafinyana, na darasa zima linaanza kucheka kabla hajatamka neno. Akamkunjia Kidawa pua.

Mtoto akamtazama. Akamtazama sana. Kisha taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu asichojua kama kitamtosha, Kidawa naye akakunja pua.

Wengine hawakuona. Walikuwa wanabishana kama mshereheshaji aje na muziki wake au akute muziki ukumbini. Semeni aliona. Akakaa na mkono wake juu ya tumbo la mwanawe, akijaribu kukumbuka kama mtoto huyu aliwahi kumwiga yeye.

*

Nyumbani alimlaza Kidawa kitandani, akapiga magoti, akamkunjia pua vilevile.

Alihisi nyuzi zikivuta. Si kwamba hakuwahi kuzihisi, ila mtu huzoea, kama anavyozoea saa ya mkononi. Misuli ya pua yake ilipanda kidogo, nyuzi zikaishika, zikairudisha mahali pake kwa upole kabisa. Akajaribu kununa. Zikarudisha. Akatoa macho, akavimbisha mashavu, akafanya kila uchizi ambao mama hufanya mlango ukiwa umefungwa. Kidawa alikuwa anatazama pazia. Pazia lilikuwa linapepea.

Semeni alijua utando unavyofanya kazi kuliko alivyojua kupika. Aliusomea darasa la jioni, akitoka kuuza duka mchana, akajifunza kwamba huoteshwa kutokana na ngozi ya mwenyewe, chembe chache zinazokwanguliwa nyuma ya sikio, ndiyo maana mwili haukatai na jasho hupita. Ndani yake zimesokotwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Siku za mwanzo utando hukaa usoni umevimba kama ukoko wa uji, haupendezi hata kidogo. Baadaye nyuzi huota mizizi kwenye misuli, ngozi hukaza, na uso uliochaguliwa hujitokeza. Tangu hapo nyuzi hukumbuka pa kurudi. Mwalimu wao alipaita hapo uso wa nyumbani. Msuli ukitoka nyumbani, uzi huurudisha. Tabasamu limeruhusiwa kwa sababu limo kwenye picha. Kununa hakumo. Wala kushangaa, wala ule uso mama anaoufanya mtoto anapotema uji.

Darasani waliona jambo hilo ni faida. Makunyanzi hayapati nafasi.

Kesho yake ilikuwa kliniki. Alikaa kwenye benchi refu na akina mama wengine, vijana wenzake, Lulu na Tausi na Sijali wamepangana mpaka mlangoni, kila mmoja amependeza, kila mmoja na mtoto mpole. Zamani, Bi Mgeni alisimulia, ukienda kliniki huwezi kusikia jina lako likiitwa kwa makelele ya watoto. Sasa jina lilisikika. Semeni akaanza kuwatazama watoto, na akiisha kuanza hakuweza kuacha. Mmoja alitazama feni. Mwingine alitazama kona ya bango lililobanduka ukutani. Mwingine alitazama feni. Hakukuwa na hata mmoja aliyemtazama mama yake.

Mwisho wa benchi alikaa bibi mmoja mbichi, makunyanzi yake yote anayo, amemleta mjukuu ambaye mama yake alisafiri. Mtoto yule alikuwa anamvuta bibi shavu, anapiga kelele, anacheka, ananuna, anacheka tena. Wale akina mama wengine walikuwa wanamtupia jicho la kumwonea huruma bibi kwa kupewa mtoto mtundu.

Nesi alimpima Kidawa uzito, akasema anaendelea vizuri sana. Semeni akamuuliza kama amegundua watoto wa siku hizi hawacheki. Nesi, naye Lulu, akafikiri kidogo. Akasema siku hizi watoto wametulia, labda ni lishe.

Saluni alimuuliza msimamizi wake. Alimuuliza vizuri, mlango umefungwa, akasema labda kampuni inayootesha tando ingechunguza, akina mama wakaambiwa angalau, mtu akaamua akijua. Msimamizi hakumkaripia. Alimwambia kwamba yeye si wa kwanza kuuliza, na kwamba kwenye mkataba kuna maneno aliyoyatia sahihi: fundi halazi ushauri, analaza utando. Kila utando ulikuwa unaamshwa na gumba la fundi aliyesajiliwa. Bila gumba lile ni ngozi tu ndani ya chupa. Na gumba la fundi anayewatisha wateja, msimamizi akasema huku akimfungulia mlango, huwa linafungwa.

Semeni alitoka akiwa ameshika gumba lake ndani ya ngumi, kama mtoto aliyelala.

*

Zawena alikuja nyumbani kwa dada yake kulazwa Ijumaa mchana, mikono ina rangi za maji za watoto, amekimbia kutoka shule. Utando wake ulikuwa tayari kwenye chupa juu ya meza, umekunjamana ndani ya maji yake kama leso iliyolowekwa. Kidawa alikuwa mkekani na kikombe cha plastiki. Zawena akamkunjia pua akipita, akaketi kwenye kiti, akaegemeza kichwa.

"Nina neno kabla sijaanza," Semeni akasema.

"Sema huku unafanya, dada. Saa kumi nina gauni."

"Kidawa hacheki na mimi."

"Kidawa hacheki na mtu. Ni mpole."

"Kwako anakunja pua."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia kliniki, akirudi kwenye nyuzi, akisahau alichotaka kusema kuhusu uso wa nyumbani, lakini Zawena alikuwa mwalimu wa watoto wadogo na hakuhitaji kumaliziwa. Alinyanyua kichwa kutoka kwenye kiti. Akaitazama chupa. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia.

"Kwa hiyo nibaki mbichi."

"Sijasema ubaki."

"Wewe ulipolazwa nani alikukataza? Ukapata kazi. Ukapita mtaani watu wakakupisha. Mimi nikishuka sokoni naulizwa leo nimeusahau uso nyumbani. Kuna mzazi, dada, amekuja mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu kuuliza kama shule haina walimu waliokamilika. Mbele yangu. Unajua nafanyaje siku hizi nikitoka? Navuta mtandio mpaka hapa." Akaonyesha chini ya macho. "Mimi. Ninayechekesha watoto. Halafu nimepata siku moja, moja tu, ya kusimama kwenye skrini nikiwa kama watu, unaniambia habari za feni."

Kila alichosema Zawena kilikuwa kweli. Semeni mwenyewe alikumbuka alivyotembea wiki ya kwanza ya Lulu yake, alivyochelewa makusudi dukani ili watu wamwone, na hakuona aibu kuikumbuka furaha ile. Ilikuwa furaha.

"Uso ni wako," akasema mwisho. "Siwezi kukukatalia, wala sitakuficha chupa. Mimi nililazwa bila kuambiwa. Wewe umeshaambiwa, hilo tu. Sasa nautoa wa kwangu. Hapa, uone. Nikimaliza na bado unautaka, nakulaza kwa gumba hili hili, na nitapiga vigelegele ukumbini kuliko wote."

"Utafukuzwa kazi."

"Ndiyo."

"Kwa ajili yangu? Usinibebeshe, dada."

"Si kwa ajili yako," Semeni akasema, na macho yake yakaenda mkekani.

Alichemsha maji ya chumvi. Kulegeza utando hakukuwa kazi ngumu, ila hakukuwa na mtu aliyeitaka. Yeye aliwahi kuifanya kwa marehemu tu, akiitwa na wanawake waoshaji kabla ya josho, na marehemu hawasemi kama inauma. Inauma. Alibandika kitambaa cha moto kwenye shavu la kushoto, akadondosha dawa ukingoni mwa taya, akasubiri, na nyuzi zikaanza kukatika moja moja, kama mshono wa nguo kuukuu ikivutwa na watu wawili. Zawena alisimama. Akakaa. Kisha akanyanyuka tena, akachukua kitambaa cha pili bila kuambiwa, akakikamua, akakishikilia kwenye paji la uso la dada yake. Walifanya hivyo wote wawili bila kusema, mpaka Lulu ikabaki ndani ya bakuli, nyepesi, kama ganda la kitunguu.

Uso uliobaki ulikuwa mwekundu na umelegea. Kope moja ilichelewa kufunguka. Misuli iliyobebwa kwa miaka ilikuwa imesahau kujibeba, na mdomo ulikuwa unashuka upande mmoja hata alipojaribu kuuinua. Semeni hakujitazama. Alipiga magoti mkekani.

"Kidawa," akasema. "Mama."

Mtoto akageuka kwa ile sauti anayoijua. Akauona uso asioujua.

Alilia. Mtoto mpole wa mtaa mzima alilia mpaka pumzi ikakata, uso wake wote umekunjika, midomo inatetemeka, na Semeni, akiwa amenyoosha mikono, aliona kwamba uso ule mdogo ulikuwa unaweza yote hayo siku zote. Kidawa akatambaa kumkimbia. Zawena akamnyanyua, na mtoto akauficha uso wake shingoni kwa mama mdogo.

"Anakuogopa," Zawena akasema polepole.

"Najua."

"Utaurudisha?"

Semeni alifuta shavu. Lilikuwa linauma kulifuta. "Hapana," akasema.

Saa kumi ikafika na kupita. Mshonaji wa gauni alipiga simu, akapiga tena. Zawena alikuwa anazunguka chumbani na mtoto begani, akimwimbia hesabu za chekechea, na chupa ikabaki juu ya meza mpaka alipoichukua mwenyewe na kuiweka kwenye friji, nyuma ya maziwa, bila kusema kama ameikataa au ameiahirisha.

*

Siku zilizofuata Zawena alilala hapo kwa dada yake. Kidawa alikubali uji kutoka mkononi kwake tu. Semeni akabuni njia. Alisimama nyuma ya pazia la mlango akaongea na mwanawe kutoka huko, mambo ya kawaida, bei ya nyanya, baba anakuja mwisho wa mwezi, mpaka mtoto akaanza kuisubiri sauti. Kisha akatoa mkono. Siku nyingine mkono na paji la uso. Siku nyingine akaongeza macho. Mtoto alikuwa analia akiona mdomo, basi mdomo ukasubiri zamu yake.

Saluni alikwenda mbichi, akavua koti lake kama kawaida. Mteja wa kwanza alipomuuliza kulikoni, akamwambia kulikoni. Akamwambia na wa pili. Kabla ya adhuhuri gumba lake lilikuwa limefungwa. Alilibonyeza kwenye kisajili akaona halitambuliki, akalitazama, gumba lile lile na kovu lake la kisu cha jikoni, akachukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa mbele.

Hizza, mumewe, aliyefanya kazi ya reli Dodoma, alimwona kwenye simu ya picha, akaisogeza simu karibu na macho. Kisha akauliza inauma kiasi gani. Kisha akasema anafanana na yule binti aliyekuwa anamsumbua kila jioni akitoka darasani, na kama binti huyo amerudi mjini, yeye mwisho wa mwezi anauona mbali.

Bi Mgeni alimshika mwanawe uso kwa viganja viwili, akaugeuza huku na huku. Alikuwa hajauona tangu harusi yake. Akasema kumbe amezeeka kidogo. Kisha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

*

Kikao kilichofuata, ajenda ya kwanza ilikuwa taarifa ya uso. Sebule ilijaa. Habari ilishatembea, na hata wajumbe ambao huwa wanatuma udhuru walikuja.

Semeni akasimama. Kope bado ilikuwa inachelewa, na mdomo ulikuwa bado umeshuka upande. Alisema kazi aliyopewa na kamati hajaifanya, na akaeleza kwa nini, safari hii kwa mpangilio, maana alikuwa amejifunza kuyasema kwa wateja. Mjumbe mmoja akauliza kama hilo limethibitishwa na wataalamu. Semeni akajibu kwamba hajui kama kuna mtaalamu aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki, ila yeyote anayetaka kwenda naye Jumatatu anakaribishwa. Mwingine akasema kwa sauti iliyokusudiwa kusikika kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyekosa kazi. Watu wakacheka kidogo.

Mjomba Kobelo akagonga meza kwa kizibo cha soda. Akasema uamuzi wa kamati ulipitishwa kwa kura, mafundi wapo wengine mjini, na isipokuwa kuna mjumbe mwenye hoja, ajenda ya uso inabaki ilivyo.

"Nina hoja," Zawena akasema.

"Bibi harusi si mjumbe."

"Ndiyo maana nitaisema mara moja tu, mjomba." Alisimama mahali pale pale kimulika kilipowekwa. Mtandio ulikuwa mabegani. "Ukumbi ni wa kamati. Chakula ni cha kamati, na sare mmezipigania nikawaacha. Uso nauondoa kwenye ajenda. Niliwaambia nimeridhika kwa sababu nilichoka, na bado nimechoka, sitawadanganya. Nitaingia pale nikiwa mbichi na nitaogopa. Lakini watoto wangu wa chekechea wananitazama usoni siku nzima, wanajifunzia hapa. Na wa kwangu nikijaliwa, sitaki wajifunzie kwenye feni."

Bi Salha akaweka kikombe chake chini.

"Mwenyekiti," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "nilitumwa kuchukua jibu. Hili nitalipeleka, na wazee watalijadili."

"Wajadili, shangazi," Zawena akasema bila kushusha sauti. "Wakimaliza watanikuta na uso huu huu."

Kikao kikavunjika kabla ya soda. Watu wakatoka wakitafutana viatu barazani, wanaongea wote kwa pamoja, na Semeni akapita pembeni kwenda kumpokea Kidawa kwa jirani. Bi Salha alimfuata hadi uani. Akamsimamia karibu sana, akiangalia ukuta, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kununua.

"Mimi nina mjukuu," akasema. "Wa mtoto wangu wa kiume. Mwaka na nusu sasa. Mpole."

Semeni akasubiri.

"Nilimsifia mkwe wangu. Kila mahali. Nilisema huyu anajua kulea." Uso wake, Lulu iliyolazwa zamani, ulibaki na tabasamu lake dogo la nyumbani. Machozi yalishuka juu ya tabasamu lile, na halikusogea. "Wamekufunga gumba, nasikia."

"Wamelifunga la kuamshia," Semeni akasema. "Kulegeza hakuna ufunguo, mama. Ni maji ya chumvi na mtu wa kukushikia kitambaa."

Bi Salha akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. Akasema kesho asubuhi atamleta mkwe, asikilize mwenyewe, aamue mwenyewe. Akageuka kwenda, akakumbuka jambo.

"Na yule mdogo wako asijitie wasiwasi. Wazee watajadili, ni kazi yao. Ila ukumbi umeshalipiwa, na bwana harusi mwenyewe, Yasini, ameniambia akiletewa Tausi ataniuliza mchumba wake nimempeleka wapi."

*

Asubuhi Semeni aliwahi kubandika sufuria mbili, moja ya uji, moja ya maji ya chumvi. Zawena alikuwa bafuni akiimba, chupa ameshaimwaga, imeoshwa, imewekwa dirishani na ua la plastiki. Nje kulikuwa na mtu anapiga hodi, na nyuma ya sauti yake ilisikika ya Bi Salha, ikimwambia asiogope.

"Karibuni, naja," Semeni akaita.

Kidawa alikuwa mkekani. Semeni akachota uji kwenye kijiko, akaupuliza, akauonja kwa haraka, na ulikuwa wa moto kuliko alivyodhani. Akakunja uso. Ulikunjika wenyewe, wote, kipaji na pua na ule mdomo wa upande, na hakuna kilichouvuta kurudi.

Alipofumbua macho, mtoto alikuwa anamtazama. Si pazia, si dirisha. Kidawa alimtazama mama yake mdomoni, akapanda puani, akafika machoni, kwa makini, kama mtu anayesoma. Kisha akakunja kipaji, akabenua mdomo upande ule ule, akanuna.

Semeni akanuna naye. Hodi ilipigwa tena mlangoni, na akaenda kufungua akiwa amembeba mwanawe, wote wawili wamenuna.